Fuko Chini ya Mwashilungu

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, fupi, la kila siku, na Kulwa Ng'wandu alilitamka kwa furaha.

Walikuwa wanapanda. Fuko, chombo chao, alikuwa akiyeyusha mwamba mbele ya pua yake na kuuacha ukamatane tena nyuma ya mkia, akitoka kwenye mizizi ya bara kurudi nyumbani. Kisha mstari ukatokea kwenye kioo cha mbele. Chini yake mwamba mzito, juu yake mwamba mwepesi. Juu ya mstari ule ndipo lilipoanzia ganda la dunia, na juu ya ganda kulikuwa na udongo wa Usukuma, na juu ya udongo mama yake alikuwa anasonga ugali. Kulwa alijipiga kofi la paja, akapaza sauti.

"Ganda! Ganda hilo, Mzee Faki!"

"Nimeganda," Fuko akajibu kwa adabu.

Na akaganda kweli. Majiko yote ya puani yalizimika kwa mkupuo, na mwamba uliokuwa uji ukawa jiwe kabla Kulwa hajafunga mdomo. Pua ilipopoa ghafla ikapasuka, na mlio wake ukawapitia hadi kwenye meno. Jiko lililopasuka haliwashwi tena, hata ulibembeleze vipi.

Mafundi waliomfundisha Fuko lugha walimpa Kiswahili cha darasani, kilichonyooka kama rula. Amri zake zilikuwa chache na zilitii sauti ya rubani peke yake. Ukitaka apande au afungue kitu, shurti umwite kwanza kwa jina, aitike naam, ndipo uamuru. Ila "ganda" haikuwa na itifaki hiyo. Ilikuwa amri ya hatari, ya kuzima kila jiko la kuyeyushia mwamba pale mwamba unaochemka ukija kwa kasi, na mtu aliye hatarini hana muda wa salamu. Wataalamu wale, na vyeti vyao vyote, hawakukumbuka kwamba chombo kinachotembea chini ya ganda la dunia kitalisikia neno ganda kutwa kucha. Ndiyo maana ndani ya Fuko neno hilo lilikuwa mwiko. Ganda liliitwa paa. Waliambiana "tukifika paani," "chini ya paa," na wakazoea, mpaka siku ile furaha ilipomtoa Kulwa neno hilo mdomoni. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wao hawakuwa na chombo chenye masikio.

Kulwa hakulia. Aliukodolea macho ule mstari, ulio karibu hivyo, akajichukia kwa moyo wake wote.

*

Ndani ya Fuko mlikuwa na nafasi ya banda la kuku, la mtu asiyefuga kuku wengi. Viti viwili, mitungi ya hewa, tangi la maji, na nyuma tanuru dogo lililoendelea kuwapa taa na ubaridi. Ukinyoosha mguu unamgusa mwenzio, ukigeuka unaomba radhi. Nje, pande zote, jiwe lilikuwa limewakumbatia na halikuwa na nia ya kuwaachia. Usiku Kulwa aliota anainua mkono kujikuna kichwa na mkono hauinuki. Alipoamka alikuta ndoto na macho havina tofauti kubwa.

Chakula kilikuwepo, cha kujibana. Ila Fuko wa pili alikuwa bado vyuma vilivyolala ghalani. Mpaka aunganishwe, afundishwe kushuka, afike, wao wangekuwa wamemaliza hata makombo.

Mwenzake alikuwa Faki Makame, mtaalamu wa miamba, Mpemba wa Micheweni, mwenye ndevu za mvi na mazoea ya kuzungumza na mawe kuliko watu. Alijaribu kumtoa mawazoni.

"Unajua tumekwama wapi, mwanangu?"

"Chini ya paa," Kulwa alisema kwa uchungu.

"Tumekwama baina ya tui na machicha. Hebu nikwambie. Hapo kale hapakuwa na bara hata moja. Dunia ilikuwa moto na maji, na utando mweusi juu yake unaozama kila ukipoa. Jiwe la chini, hili tuliitalo joho, likaanza kukamuliwa. Moto ulilikamua kama mpishi anavyokamua nazi. Lililotoka ni tui, jiwe jepesi, jeupejeupe. Likapanda, likaelea, lika..." Faki akajiziba mdomo, ingawa sauti yake Fuko hakuitii. "Likakamatana. Ndiyo majabali yenu yale ya Mwanza mnayoanikia nguo."

"Na machicha?"

"Mpishi huyatupa. Dunia haikuyatupa. Yalikamuliwa yakakauka, hayana maji, hayayeyuki upesi, tena mepesi kuliko jiwe lisilokamuliwa. Yakang'ang'ania hapo hapo chini ya tui, yakalishika lisizame. Zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu wameshikana hawa! Bonde la Ufa limekuja na ubabe wake, limepasua mashariki, limepasua magharibi, hapa katikati limegonga mwamba likageuza njia. Na ukiwapima umri, tui na machicha, ni mapacha wa tumbo moja. Mmoja kapanda kuona jua, mmoja kabaki gizani kumbeba mwenziwe."

Kulwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu wakwame, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa pacha. Ndugu yake, Doto, alikuwa kituoni juu ya kilima kinachotazama mashamba ya Mwashilungu, kijiji walichokulia, ameshika ncha ya pili ya uzi. Uzi huo ulikuwa wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Fuko aliuacha nyuma yake ndani ya mwamba tangu aliposhuka, ukazunguka naye mizizini na kurudi, na ndimo sauti zilimopita.

Kwa Wasukuma pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, na wa pili ni Doto, hakuna mjadala. Doto alimfuata dada yake katika kila jambo, kuanzia kutambaa hadi kazi ya chini ya ardhi. Sauti zao mama mzazi hakuwahi kuzitofautisha. Kitu kimoja tu kiliwatenga, na kilikuwa jembe. Kwenye bugobogobo, vijana wanapolima kwa kufuata ngoma, majembe hurushwa, huzungushwa, kisha huanguka yote kwa pamoja. La Doto lilikuwa likichelewa. Siku zote. Mpiga ngoma alikuwa akiwaambia wenzake, "Haya, tumngoje Doto," na shamba zima linaangua kicheko.

*

Njia ya kutoka ilikuwepo, na ilikuwa moja.

Huko chini mizizini walikuwa wametoboa mfuko wa mwamba ulioyeyuka, umejaa hewa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Waliuziba kwa kizibo chenye jiko dogo ndani yake, na walipokwama wakaliwasha kukiweka laini ili kiweze kufunguliwa. Fuko alikishika kizibo hicho kwa amri. Akiambiwa afungue, soda ile ingefyatuka na kuifuata njia yao, ambayo bado ilikuwa kioo kipya kisicho na nguvu. Ingewafikia, ingewameza, ingeingia njia waliyoshukia iliyokuwa jirani, na kwa saa chache ingewapandisha hadi juani. Ngozi ya Fuko iliundwa kuvumilia hayo.

"Hivyo ndivyo almasi zilivyopanda," Faki alisema. "Hakuna almasi iliyopata kupanda kwa miguu yake. Zote zilibebwa na soda kama hii."

"Na huko juu inapotokea?"

Faki alikuna ndevu. Inapotokea, ardhi hulipuka. Hubaki shimo na majivu, na hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayoteremka mabondeni kama maji na kuwalaza watu wasiamke. Shimo la soda hii lingekuwa pale pale Fuko alipoingilia, ukingoni mwa mashamba ya Mwashilungu.

Na muda haukuwa rafiki. Kioo cha njia yao kilikuwa kinakomaa kuwa jiwe. Jua likizama huko juu, njia nayo ingekuwa imefungwa kama vile haikuwahi kuwepo.

Asubuhi hiyo uzi ulizungumza, ukiamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Kulwa."

"Mwangaluka, Doto. Niambie."

"Watu wameondoka. Mwashilungu yote, na vijiji vya bondeni hadi mtoni. Wako ng'ambo, wamepewa mahema." Sauti ilikuwa na haraka kidogo. "Wakubwa wameniachia mimi niwape neno. Fungueni."

Wakubwa walikuwa wamemwachia, kweli, maana hakuna mkubwa aliyetaka neno lile litoke kinywani mwake. Kulwa hakuwaza hayo. Aliona jua. Aliona bakuli la mlenda, na mama yake, anayeishi Mwanza siku hizi, akimgombeza kwa kukonda.

"Alhamdulillahi," Faki alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Mikarafuu yangu haijazaa hata mara moja. Nilidhani watakuja kuichuma watu wengine. Mwite Fuko, mwanangu, tutoke."

Kulwa alifumbua mdomo kumwita Fuko. Kisha akaufunga.

"Nataka kwanza niage shamba," alisema. "Lile tulilokulia. Nisikilize kimya chake kabla halijawa shimo."

Uzi ulikuwa na masikio. Kila mtetemo uliougusa, hata wa mguu wa mbuzi, ulisafiri ndani yake, na sehemu yake ya juu kabisa ililala chini ya mashamba yale. Mafundi waliutumia kusikilizia matetemeko. Kulwa naye, siku za upweke, alikuwa akijibandika vipokea sauti masikioni na kusikiliza mvua.

"Usisikilize," Faki akamwambia upesi mno.

"Kwa nini?"

"Umeambiwa wameondoka. Usitafute ya kutafuta."

Walitazamana. Kulwa alielewa kuwa mzee yule hakujua lolote, ila aliogopa, kama yeye mwenyewe alivyokuwa anaogopa. Akavaa vipokea sauti.

Mwanzoni alisikia damu yake mwenyewe. Halafu, kwa mbali, du. Kimya. Du. Halikuwa tetemeko, maana tetemeko halina adabu ya kungoja zamu yake. Halikuwa radi. Du, kimya cha kiasi cha jembe kurushwa na kuzungushwa, du. Miguu yake ililitambua kabla ya kichwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na Mwashilungu ilikuwa shambani, majembe kwa makumi yakianguka kwa pamoja, na chini yake ngoma.

Alivivua, akamkabidhi Faki. Mzee alivishika kwa muda kana kwamba vinaunguza. Kisha akavivaa, akasikiliza, na uso wake ukazeeka pale pale.

*

"Doto," Kulwa alisema. "Uko dirishani?"

"Ndiyo."

"Unaona nini?"

Upande wa pili wa uzi kiti kilikwaruza sakafu.

"Doto, mimi nawasikia. Wanalima."

Alichosikia baadaye kilikuwa kilio cha mtu aliyekibana tangu jana. Doto alisema alikwenda. Alisimama kando ya shamba na kipaza sauti mkononi, wakamsalimia, wakamtania kuwa hata kulima amechelewa. Kuwahamisha wote, hadi wa bondeni, kungechukua siku mbili au tatu, na njia ilikuwa inafunga leo. Basi akawaza, nikiwaambia watasema hapana. Na wakisema hapana, ndugu yangu atakufa gizani. Akarudi kilimani bila kuwaambia kitu.

"Sikuweza kuwauliza," alisema. "Ningewauliza, wangenijibu."

Kulwa alitaka kumkasirikia, akashindwa. Alijua kwamba kama wangebadilishana, yeye juu na Doto chini, huenda angefanya vile vile, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Faki alikohoa. "Na tungekuwa hatukusikia?" alisema taratibu, bila kumtazama mtu. "Nauliza tu, mwanangu. Tungekuwa tumeshatoka. Tungelia pamoja nao. Dhambi isingekuwa yetu."

"Lakini tumesikia, Mzee Faki."

"Tumesikia," Faki alikubali. Aliweka mikono mapajani. "Wallahi miye nataka kuishi. Sikufichi. Nataka sana. Lakini nikitoka hapa kwa njia hiyo, n'takwenda Micheweni nikakae chini ya mikarafuu, na kila jembe litakalopiga ardhi n'talisikia." Alivuta pumzi. "Basi. Usifungue. Radhi yangu unayo."

Kulwa alimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa baridi.

"Hatufungui, Doto."

"Mimi nitafungua."

"Huwezi. Fuko anatii sauti ya..."

Hakumaliza, kwa sababu alikuwa amekwisha kuelewa. Mafundi walimpa Fuko sauti moja ya kutii. Hakuna aliyewaambia kwamba sauti hiyo ilizaliwa mara mbili, asubuhi moja, kwenye kitanda kimoja.

"Usithubutu," Kulwa alisema.

"Utanichukia ukiwa hai. Nitavumilia." Kisha, kupitia uzi, kwa sauti ya Kulwa mwenyewe, kwa utulivu wa rubani aliyezoea kazi: "Fuko."

"Naam, Kulwa," Fuko akaitika.

Kulwa aliona kishikio cha kukata uzi kando ya goti lake. Angeweza kukivuta, na sauti ile ingekatika. Lakini angebaki na neno fungua kinywani mwake mwenyewe, yeye na njaa na giza, hadi jua lizame, na hakujiamini hata kidogo. Lilikuwepo neno jingine, lisilohitaji kuitikiwa. Kama lilizima na kupasua majiko ya pua, lingelizima na kulipasua na lile jiko dogo la kizibo, na kizibo kingekuwa jiwe ambalo hakuna sauti, yake au ya pacha wake, ingelifungua tena.

"Fu..." Doto alianza.

"Ganda!"

"Nimeganda," Fuko akajibu kwa adabu.

Huko chini sana kitu kililia mara moja, kama chungu kinachopasuka, kikanyamaza. Kwenye kioo taa ndogo ya kizibo ikazimika. Faki alifumba macho na midomo yake ikawa inacheza taratibu kwa dua.

"Kulwa!" Uzi ulikuwa ukipiga kelele. "Kulwa, umefanya nini? Kulwa!"

"Nipo, Doto. Nipo hapa. Nyamaza unisikie." Alingoja kwikwi zipungue. "Mimi nilitangulia kuja duniani, wewe ukanifuata. Ukanifuata shule, ukanifuata kazini. Safari hii usinifuate."

"Nifanye nini sasa?"

"Waambie wamsukume huyo Fuko wa pili. Watasema hawezi kuwahi. Wasukume tu. Halafu mwambie mama ukweli, wote, na wangu na wako. Na kabla ya hayo yote shuka hapo kilimani, mvua zimeshanyesha."

"Nishuke niende wapi?"

"Si unawaona? Nenda."

Uzi ukabaki wazi, bila mtu. Kulwa alisikia mlango, kisha hakusikia kitu. Alivaa vipokea sauti, na upande mmoja akauelekeza kwa Faki, wakaegemeana vichwa kama watoto wanaogawana siri. Jiwe lilikuwa pale pale, pande zote, halijasogea wala halitasogea. Alikuwa na hofu, na hofu ile haikuondoka. Ila hakujichukia tena.

Du, kimya, du. Walisikiliza kwa muda mrefu. Faki aliuliza kama wataendelea hadi jioni, na Kulwa akamwambia kuwa Wasukuma wakishapata mvua hawaulizi saa.

Kisha ngoma ikasita kidogo, kama vile mpigaji ameona mtu anakuja na anamngoja aokote jembe. Ikaanza upya. Majembe yakaanguka kwa pamoja, du, na nyuma yao, peke yake, likaanguka moja lililochelewa.